Mwalimu wa Hesabu Hana Cheki Namba

Kikao cha wazazi kilikuwa kinaelekea ukingoni, ile saa ambayo wanaume washaanza kuchungulia simu na kina mama wanafunga vizuri khanga zao, ndipo mkuu wa shule akafika kwenye "mengineyo". Akashusha sauti kidogo, tofauti na ile aliyosomea matokeo. Wazazi wangu, tunaomba tena ile elfu tatu ya kila mwezi kwa ajili ya walimu wetu wanaojitolea, maana bila wao kidato cha pili na cha tatu hawana Hesabu kabisa.

Watu wakaguna, wengine wakasema sawa. Halafu akasimama mama mmoja, anauza samaki pale sokoni, namfahamu kwa sura tu.

"Mkuu, mimi nalipa, sina shida. Naomba kuuliza. Huyo mwalimu tunayemlipa sisi, siku akimfanyia mtoto wangu jambo, namshtaki kwa nani?"

Mkuu akatabasamu. Mama, hapa kwetu hilo halijawahi kutokea. Mwenyekiti akasema tuendelee. Tukaendelea.

Ila lile halikuwa jibu, na mle ndani kila mtu alijua.

Tangu siku ile nalibeba hilo swali kila mahali. Nikiwa kwenye daladala linanijia, nikimsikia dogo nyumbani anasema "leo sir katufundisha matrix" linanijia tena, maana huyo sir ndiye huyo huyo.

Mabosi mpaka wanakanyagana

Mwalimu aliyeajiriwa na serikali hana upungufu wa wakubwa. Sera, mtaala na wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wako Wizara ya Elimu. Shule yenyewe iko chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Likizo na mshahara vinapita kwa mkurugenzi wa halmashauri. Nidhamu na vyeo viko TSC, Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015 ikaanza kazi 2016 kuchukua nafasi ya ile Idara ya Utumishi wa Walimu ya zamani. Afisa elimu kata naye anapita na pikipiki yake. Na sasa kuna PEPMIS, ule mfumo uliokuja baada ya ule wa zamani wa OPRAS, ambao mtumishi anajaza kazi zake mtandaoni apimwe. Jirani yangu anafundisha shule ya msingi, kuna jioni nilimkuta nyuma ya nyumba kapanda kwenye ngazi ya tenki la maji, simu mkononi, nikajua anatafuta mtandao wa kuongea na mumewe yuko safarini. Kumbe anajaza PEPMIS.

Akichelewa asubuhi anakuta mkuu keshapiga mstari mwekundu kwenye kitabu cha mahudhurio. Akiwa mtoro anaandikiwa barua ajieleze. Mambo yakiwa makubwa yanafika TSC wilaya, anapewa mashtaka kwa maandishi, anajitetea, anaweza kushushwa cheo au kufukuzwa, na haki ya kukata rufaa anayo.

Walimu wanalalamika kuhusu hili rundo la mabosi na mimi nawaelewa sana. Kila bosi ana fomu yake. Daraja likichelewa kupanda unatumwa kwa huyu, huyu anakutuma kwa yule, yule yuko semina Dodoma. Bunge lilipopitisha 2018 ile sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, ambayo shabaha yake ni kila anayefundisha asajiliwe, awe wa serikali au wa shule binafsi, walimu ninaowajua hawakusema "hatimaye taaluma yetu imeheshimiwa". Waliuliza ada ni shilingi ngapi.

Lakini hata hivyo kuna mlango. Mzazi ana mahali pa kugonga na mwalimu pia ana mahali pa kugonga. Unaweza ukagonga mwaka mzima, sawa, ila mlango unauona.

Sir wetu wa Hesabu mlango wake uko wapi?

Ukurasa wa mwisho

Nilienda kuongea naye. Nilimkuta chini ya mwembe wa pale shuleni anasahihisha, madaftari yamepangwa mafungu mawili na jiwe juu ya kila fungu yasipeperuke. Kijana mpole, shahada ya ualimu, Hesabu na Fizikia, kamaliza chuo 2019. Nilitaka nimhoji kama mzazi mwenye hasira kidogo, nikashindwa, maana kitu cha kwanza alichoniambia ni kwamba dogo wangu ana akili ila anaruka hatua, anaandika jibu bila kuonyesha njia, na mtihani wa taifa utamnyima maksi. Kweli kabisa, hata nyumbani ndo alivyo.

Anafundisha vipindi vingi kuliko walimu wawili walioajiriwa, hilo kanihesabia kwenye ratiba, na hakuwa analalamika, alikuwa ananielewesha tu. Anatunga mitihani ya ndani. Anakaa na wale wa kidato cha nne jioni. Maazimio ya kazi anaandika yeye, ila jina linalowekwa juu ni la mwalimu mwingine, wa Jiografia, kwa sababu mthibiti ubora akija anataka kuona jina lenye cheki namba, ile namba ya mtumishi kwenye orodha ya mishahara ya serikali.

Nikamuuliza asubuhi anasaini wapi.

Akacheka. Akanipeleka ofisini akanionyesha kitabu cha mahudhurio. Mbele kuna orodha ya walimu imechorwa kwa rula, namba, jina, muda wa kufika, sahihi. Yeye na mwenzake wa Kemia wako ukurasa wa mwisho kabisa, karibu na gamba, wamejichorea mistari yao kwa kalamu ya risasi. "Hapa tunasaini kwa ajili ya mkuu tu," akasema, "hiki kitabu kikikaguliwa hakuna anayefika huku nyuma."

Malipo? Laki na ishirini wazazi wakichanga vizuri. Mwezi wa kwanza kila mwaka ni sifuri, watu wamebanwa na sare na madaftari. Mwezi wa sita na wa kumi na mbili shule zimefungwa, sifuri pia. Sio mwanachama wa CWT, Chama cha Walimu, hakatwi ile asilimia mbili, kwa hiyo hata hao wa kumsemea hana. Akiumwa kazi imesimama, na hela imesimama.

Na sisi wazazi, tunaomlipa, hakuna aliyewahi kukiona cheti chake. Mimi mwenyewe nilimwamini kwa sababu ya yale maneno kuhusu kuruka hatua. Mtu mwongo anaweza pia kuongea vizuri, eti? Wakati wa uhakiki wa 2017 serikali yenyewe, yenye mafaili na makabati, ilitangaza watumishi 9,932 wenye vyeti feki. Sasa kama wenye mafaili walipigwa hivyo, sisi wa elfu tatu tatu tunajua nini.

Halafu kuna hili la viboko. Kanuni za 2002 zinasema visizidi vinne, atakayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa na mkuu kwa maandishi, na vinaandikwa kwenye kitabu. Niache kwanza ubishi wa kama viboko viwepo au visiwepo (mimi nasema visiwepo, nitaandika siku nyingine, najua mtanishambulia). Nauliza tu, mkuu atamwandikiaje ruhusa mtu ambaye kwenye makaratasi hayupo?

Wajomba zetu wa UPE

Kuna wakati nilijiambia labda nakuza mambo. Nchi hii imewahi kufundishwa na kila aina ya mwalimu na tumefika hapa. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, serikali ilipotaka kila mtoto awe darasani ifikapo 1977 (ndiyo UPE, elimu ya msingi kwa wote), walichukuliwa vijana waliomaliza la saba tu wakawa walimu, wanafundisha huku wanafundishwa. Mjomba wangu ni mmoja wao. Alimfundisha kusoma karibu kila mtu wa umri wangu pale kijijini na mpaka leo akipita watu wa makamo wanasimama kumwamkia.

Miaka ya 2000 tena, shule za kata zilivyoota kila kona, wakaletwa wa kidato cha sita waliopigwa msasa wa haraka haraka wakapewa leseni ya kufundisha. Watani wakawaita Voda Fasta. Tuliwacheka sana, na wengine wao leo ni wakuu wa shule.

Kwa hiyo nikawa nakaribia kutulia. Mwalimu ni anayefundisha, basi, makaratasi baadaye.

Nikampigia mjomba. Nikamwambia ninachokiwaza, kwamba huyu wetu hana tofauti na nyie. Kimya kidogo, halafu akaniuliza, "Huyo wenu serikali inajua yupo?"

Nikasema haijui.

"Sasa tofauti si ndiyo hiyo. Sisi tulikuwa hatujui, lakini tulikuwa tunajulikana."

Alikuwa na mratibu aliyekuwa anamkagua na baiskeli, alikuwa na mshahara japo mdogo, akikosea anaitwa. Voda Fasta naye alikuwa na ile leseni, na leseni sio utani, Sheria ya Elimu ya 1978 ilikuwa inasema wazi kwamba asiyesajiliwa au asiye na leseni asifundishe. (Sheria ile ni namba 25 ya 1978, na ya TSC ni namba 25 ya 2015. Haina maana yoyote, nimeipenda tu.) Serikali ilipunguza kimo cha mlango, ila kila aliyepita aliandikwa.

Sasa hivi ndio nimeona tulipo. Mlango umepandishwa juu, na pembeni kuna tundu kwenye ukuta ambalo kila mtu anapitisha watu akiwa ameangalia pembeni.

"Ukimwandika umekiri"

Nina rafiki yangu halmashauri moja hivi, sitaitaja, sio mtu mkubwa ila yuko karibu na mafaili. Nikamuuliza, bro, kwani inagharimu nini kuwa na daftari tu la hawa watu? Jina, cheti, shule anayofundisha, basi. Sio mshahara, daftari tu.

Akanijibu kitu ambacho ndicho kilichonikalisha niandike hii makala.

"Ukimwandika umekiri."

Umekiri nini?

"Umekiri kwamba shule ina pengo. Umekiri kuna mtu analiziba. Na mtu anayeziba pengo la serikali kwa miaka minne, siku moja atakuja na mwanasheria."

Nilikuwa nadhani ni uzembe. Nilikuwa nadhani hakuna aliyewahi kufikiria. Kumbe kutokuandika ndiyo kazi yenyewe, inafanywa kwa makini kabisa. Kila mtu kwenye mnyororo anamjua sir wa Hesabu. Afisa elimu kata anamsalimia kwa jina. Ila hakuna anayetaka jina hilo lifike kwenye karatasi yenye mhuri, kwa sababu karatasi inadai.

Na aliye hatarini zaidi, amini usiamini, ni mkuu wa shule. Elimu bila ada ilianza 2016, mwaka 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango mashuleni kwa ukali ule tunaoukumbuka, na tangu hapo mchango ni wa hiari na mwalimu hatakiwi kuzishika hizo hela. Ruzuku ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na sehemu yake inakwenda kwenye vitabu, humo huwezi kumlipa mtu mshahara hata ujibane vipi. Sasa mzazi mmoja mwenye kinyongo akipeleka taarifa kwamba shule inachangisha, atakayeandikiwa barua ni nani? Mwenye cheki namba. Yaani katika hii stori nzima mtu pekee ambaye TSC inaweza kumfikia ni yule aliyewatafutia watoto mwalimu.

Nimejaribu kulikasirikia hilo mpaka nikachoka.

Basi waajiriwe wanaojitolea kwanza?

Hili ndilo jibu rahisi, kila mtu analisema, hata viongozi wamewahi kusema wapewe kipaumbele. Nililiamini kabisa mpaka nilipokaa chini nikalitafakari.

Mwanzoni mwa 2025 walifanya usaili wa walimu. Zamani ulikuwa unamaliza chuo unasubiri kupangiwa kituo, safari hii ikawa mtihani kama kada nyingine. Waombaji zaidi ya laki mbili, nafasi 14,648. Sir wetu alikwenda, akapita wa kuandika, akakwama mbele. Anasema alikaa na kijana ambaye hajashika chaki tangu BTP, yale mazoezi ya kufundisha ya chuoni, maswali yale yale, maksi zile zile, na miaka yake ya chini ya mwembe haikuwa na mahali pa kuandikwa. Nilimuonea uchungu. Nikasema hii si haki.

Halafu kuna binamu yangu. Naye ana shahada ya ualimu, Kiswahili na Historia, anaendesha bodaboda. Nilimwambia habari za kipaumbele akanitazama vibaya. Kaka, kujitolea ni kwa mwenye kwao pa kula. Mimi nina watoto wawili, mama yangu anaumwa, nijitolee nile nini? Kwa hiyo kwa kuwa nilikosa hata nauli ya kwenda kufundisha bure ndio niwe nyuma?

Sikuwa na jibu na mpaka sasa sina. Sir analala kwa dada yake, anakula kwa dada yake. Bila yule dada hakuna Hesabu kidato cha tatu. Na ukishasema barua ya kujitolea ina thamani kwenye ajira, kesho barua zitauzwa, wote tunaijua nchi yetu.

Kwa hiyo mimi siombi kipaumbele. Naomba daftari, na daftari ni ombi dogo mno mpaka naona aibu kuliomba.

Jirani anaandika, lakini

Kenya wana kitu hiki hiki, wao wanaita walimu wa BOM, wanaolipwa na bodi ya shule kwa hela za wazazi. Ila kule TSC yao (herufi zile zile, tume tofauti, ya kwao imo mpaka kwenye katiba ya 2010) inasajili mwalimu kabla ya kuuliza nani anamlipa. Wa serikali, wa binafsi, wa BOM, wote wanatakiwa wawe na namba ya TSC. Akifanya ovu anaweza kufutwa kwenye rejista, na hiyo ina maana hafai kufundisha popote, sio kwamba kahamishiwa shule ya jirani. Yule mama wa samaki angekuwa Kisumu angejibiwa.

Msinielewe vibaya, sio kwamba kule ni peponi. Mwenye namba analala njaa vile vile. Walimu wa sekondari ya chini waliwekwa kwenye mikataba ya mwaka mwaka kwa posho kiduchu, mahakama ya ajira Aprili 2024 ikasema utaratibu ule haukuwa halali, wakaandamana, na mwanzoni mwa 2025 walimu kama 46,000 wakaingizwa kwenye ajira ya kudumu. Ona sasa. Walikuwa na mikataba ndio maana walikuwa na cha kupeleka mahakamani. Rafiki yangu wa halmashauri angeisoma hii angesema si nilikwambia.

Na 2028 inakuja

Mtaala mpya ulioanza 2024 umepunguza msingi kuwa miaka sita. Maana yake 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja, na Januari 2028 wote wanaingia kidato cha kwanza kwa mpigo. Madarasa yanajengwa, naona mabati mapya, sawa. Mimi nawaza ule ukurasa wa mwisho wa kitabu cha mahudhurio utakavyojaa.

Mimi nimelipa elfu tatu yangu na nitaendelea kulipa. Ila nimeenda kwa mkuu nikamwambia nataka bodi ya shule ifanye mambo machache: vyeti halisi vikaguliwe, kuwe na makubaliano ya maandishi na hao walimu, hata ukurasa mmoja, yasemwe humo wanachoruhusiwa na wasichoruhusiwa kumfanyia mtoto, na orodha yao ipelekwe kwa mkurugenzi ikapokelewe kwa mhuri.

Mkuu alinisikiliza vizuri. Ni mtu muungwana, nasema kwa dhati. Akaniambia, "Mzee wangu, hayo yote ni kweli. Tuyaongee tu hivi hivi, ila usiniandikie. Ukiniandikia itabidi nijibu."

Nimeshamwandikia. Nakala kwa mwenyekiti wa bodi.